Nebulaiza ya Hz 60 imekubali: kutoka dakika 22 hadi dakika 9

Imekubali. Mililita 3 za selaini (maji ya chumvi) zimekwisha kwa dakika 9 na sekunde chache, ukungu mzito tangu mwanzo mpaka kikombe cha dawa kilipoanza kukohoa, na mota baada ya hapo naigusa kwa kiganja kizima bila kuruka. Ni saa nne usiku, nimetoka kuipima mara ya tatu mfululizo. Naandika sasa hivi hesabu zikiwa bado kichwani, maana hii mashine imenila wiki sita.

Kwa wasiofuatilia tangu mwanzo: ni nebulaiza, mashine ya kugeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta, ya kompresa, ya pistoni, imetoka Marekani. Shemeji yangu anayeishi Houston alimletea mpwa wangu mwenye pumu. Kibati chake kinasema volti 115, Hz 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde). Huku Tanga tuna volti 230, kwa hiyo dada akanunua transfoma ya kushusha umeme, akaunganisha, mashine ikanguruma. Ukungu ukawa unatoka kama moshi wa sigara inayozimika. Mtoto anakaa na barakoa usoni dakika ishirini na zaidi, analia, dawa nusu imebaki kwenye kikombe. Dada akaniletea karakana Makorora na maneno yake ni haya: "Kaka, mimi sitaki iwe nzuri, nataka imalize kabla mtoto hajachoka."

Vipimo vya siku ya kwanza: dakika 22 kwa mililita 3. Kwa vikombe vya namna hii, dakika tano hadi kumi ndiyo ya kawaida.

Nilianza na mambo ambayo kila mtu angeanza nayo. Filta ilikuwa nyeusi, nikaitoa. Mpira wa hewa ulikuwa na ufa pale unapochomekwa, nikakata sentimita mbili na kuuchomeka upya. Kipua cha kikombe nilikiloweka kwenye siki na maji ya moto, kisha nikakisafisha kwa sindano ya hospitali, kwa shinikizo la maji tu. Msiingize waya kwenye kipua, jamani. Tundu lile ni dogo kuliko milimita moja na ukilipanua hata kidogo umeharibu kasi ya hewa, na kasi ya hewa ndiyo inayovuta dawa juu na kuipasua. Kikombe kikiwa na kipua kilichopanuka hutoa matone makubwa yanayoishia mdomoni na kooni. Tunayoyataka yafike kwenye mapafu ni yale ya kati ya mikroni 1 na 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na hayo macho hayawezi kuyapima, kwa hiyo usije ukaridhika kwa sababu tu unaona ukungu.

Baada ya usafi: dakika 18. Nikafungua kompresa. Sili ya pistoni ilikuwa imelika upande mmoja. Nikachonga mpya kutoka kwenye bati la tefloni, nikaitia joto ili ikae kwenye umbo, mara ya tatu ikakaa. Dakika 14. Nilifurahi sana siku ile nikadhani nimebakiza kidogo tu.

Hapo ndipo iliponikwamia. Wiki nne nzima, dakika 14, haishuki.

Na si hilo tu. Ikifika dakika ya kumi na mbili hivi, swichi ya joto inakata. Mashine kimya. Unasubiri robo saa ipoe, unawasha tena, na mtoto yuko pale na barakoa. Nikasema transfoma ni mbovu. Zile nyekundu ndogo zinazouzwa kama za wati 300 mimi siziamini hata kidogo. Ukizifungua unakuta chuma cha wati 100 na rangi nyingi. Nikaazima kubwa, ya zamani, uzito wake kama tofali. Volti 118 thabiti, mota ikiwa inafanya kazi. Dakika 14 vilevile, joto vilevile. Nikapaka grisi kwenye bushi. Nikabadilisha vali za kompresa, vile vijiulimi vya chuma. Nikaununua mzani wa sonara ili nipime kikombe kabla na baada badala ya kutegemea macho, na huo mzani ndio kifaa bora kuliko vyote nilivyonunua mwaka huu. Gramu 3 zinaingia, unaona karibu gramu moja inabaki imeng'ang'ania kuta za kikombe hata ufanyeje. Tahadhari moja: uzito unaopungua si dawa yote iliyotoka. Sehemu ni maji yaliyokauka na kuondoka na hewa, ndiyo maana kikombe hupoa mkononi hadi kinatoa jasho nje, na kinachobaki ndani kinazidi kuwa kizito kwa dawa.

Mkondo wa hewa niliupima kwa dumu la lita 5 lililojazwa maji na kupinduliwa ndani ya beseni, mpira ukipita kwenye kipua cha kikombe cha zamani nilichokigundisha kwa gundi ya araldaiti. Sekunde 52 kulitoa maji yote. Hiyo ni lita 5.8 hivi kwa dakika. Vikombe vingi vinataka 6 hadi 8. Niko chini ya mlango, sijaingia.

Sasa sikiliza kilichonifungua macho. Shemeji naye ana mashine ya aina ileile nyumbani kwake. Nilimwomba anirekodie sauti yake ikiwa kazini, nikidhani nitasikia tofauti kwenye vali. Akatuma. Nikawa naicheza kwenye spika karakana, dada yupo mlangoni na mtoto mgongoni, akasema: "Mbona ya huko inalia kama nyuki na yetu inalia kama trekta?"

Ni kweli. Nilikuwa nimeisikia sauti ya trekta kwa wiki sita hadi nikaizoea. Nikafungua ile programu ya simu inayochora sauti, nikaiweka mbele ya spika. Mstari mrefu kuliko yote ukasimama kwenye 120. Nikawasha yetu. Mstari ukasimama kwenye 100.

Mota inavuma mara mbili ya mapigo ya umeme wake. Ya Houston inakula Hz 60, yetu inakula Hz 50. Transfoma inashusha volti, haigusi Hz hata moja. Nilikisoma kibati kile siku ya kwanza kabisa, nikashughulikia 115 na kuipita 60 kana kwamba haijaandikwa. Nimekasirika sana na jambo hili, kwa sababu najua kazi yangu na feni za mezani nimezisuka tangu nikiwa mwanafunzi.

Mota ya humu ni ndugu wa feni hizo: haina brashi wala kapasita, ina pete nene za shaba kwenye chuma chake. Kasi yake inafuata mapigo ya umeme. Ukiipa Hz 50 badala ya 60 imepoteza sehemu moja ya sita ya mizunguko, pistoni inapiga mara chache, hewa inapungua. Na joto nalo limepata maelezo: volti zilezile kwa mapigo ya polepole zinalazimisha sumaku zaidi ndani ya chuma, zaidi ya moja ya tano juu ya kile kilichosukiwa. Chuma kinashiba, waya unavuta ampea za bure, zote zinageuka moto. Nilijaribu kushusha hadi volti 100. Mota ikapoa vizuri kabisa, kama hesabu inavyosema, lakini kasi haikupanda na dakika zikawa 15. Kwa hiyo volti zinatibu joto, haziwezi kutibu ukungu.

Hili mafundi wenzangu mliangalie hasa kwa vifaa vinavyoletwa na ndugu. Vya Omani havina shida, kule ni Hz 50 kama kwetu. Saudia ni Hz 60, na ubaya wake ni kwamba siku hizi volti zao ni 230, plagi inaingia, kitu kinawaka, na hakuna kinachokuonya.

Dawa ya ugonjwa nimeipata mlango wa pili. Jirani yangu kinyozi ana inveta ya sola ya wati 1000, ya mawimbi safi, na ubavuni mwake kuna vijiswichi viwili vidogo ambavyo hakuna anayevigusa. Kimoja ni cha kuchagua 50 au 60. Nikaiomba baada ya yeye kufunga. Betri ya N70, inveta kwenye 60, kisha ile transfoma nzito ya 230 kwenda 115, kisha mashine. Mara ya kwanza inveta ikalia na kujizima, kwa sababu transfoma na mota vyote viliamka pamoja. Washa transfoma kwanza, hesabu hadi tano, ndipo mashine. Ikanguruma kwa sauti nyingine kabisa. Sauti ya nyuki.

Dumu la lita 5: sekunde 43. Lita 7 kwa dakika. Mililita 3: dakika 9.

Na faida ambayo sikuitafuta: umeme ukikatika haijalishi. Kipindi kimoja kinakula kama ampea-saa 2 za betri. Msitumie tu inveta za bei nafuu za mawimbi ya ngazi kwa mota hizi, zinavuma na kuchemka upya na mtakuwa mmerudi nilikotoka.

Hapa katikati niseme neno kuhusu zile mashine ndogo za kunukisha chumba zenye taa za rangi. Watu watatu wamenishauri nitumie hizo. Hapana. Zinatikisa maji kwa mawimbi ya sauti na kurusha chochote kilichomo, chokaa ya bomba ikiwemo, hazina kipimo cha dozi, na dawa ya pumu iliyo katika chembechembe kama budesonidi haipandi vizuri kwa njia hiyo. Na kile kinachotoka kwenye nebulaiza tuache kukiita mvuke. Mvuke hauwezi kubeba chumvi wala salbutamoli, ile dawa ya kufungua kifua. Ukichemsha dawa, dawa inabaki chini ya sufuria. Ni ukungu, matone ya kweli. Kuna wazazi wanaomfukiza mtoto mwenye pumu kwa sufuria la maji ya moto wakiamini ni kitu kimoja, na wengine wanaishia wodini na mtoto aliyeungua.

Mpango uliobaki ulikuwa saa ya kuhesabu dakika yenye kengele, na sanduku la mbao la kubebea vyote. Nimeziweka kando. Kilichonivuta ni maneno ya nesi wa zahanati tulipokwenda kumwonyesha mashine kabla ya kuitia dawa. Aliikagua, akakubali kikombe, akasema dozi abaki nayo yeye. Kisha akamwambia dada: "Mama, kwa shambulio la kawaida, inhela na spesa inamtosha. Hii iwe ya siku mbaya." Spesa, ile chupa inayochomekwa inhela ili dawa ielee ndani kwanza kabla mtoto hajaivuta, dukani bei yake inauma. Ila mwaka 1999 madaktari wa watoto Cape Town walichapisha majaribio ya spesa za chupa za plastiki za mililita 500: chupa iliyozibwa vizuri pale inhela inapoingia ilisaidia watoto sawa na spesa ya dukani, na iliyoachwa na mwanya haikufikia hapo. Glasi ya plastiki nyeupe ya povu ndiyo iliyofanya vibaya kuliko zote.

Kwa hiyo kazi yote ni kuziba. Nimekunja waya wa shaba kwa umbo la mdomo wa inhela, nauchoma kwenye jiko la mkaa, naubandika kwenye kitako cha chupa. Chupa ya kwanza waya ulikuwa mwekundu mno, plastiki ikarudi nyuma na kuacha mwanya wa kupitisha kibiriti. Ya pili waya ulikuwa wa moto wa kuunguza karatasi bila kuiwasha, tundu limetoka na ukingo mnene kama mdomo, inhela inaingia kwa kulazimisha kidogo na hailegei nikiitikisa. Nimeiosha kwa sabuni ya vyombo na nimeiacha ijikaushe bila kuifuta, kwa maana kitambaa huijaza plastiki umeme tuli na dawa inanata ukutani badala ya kuelea. Ipo dirishani sasa, ina matone bado. Kesho naipeleka kwa nesi.