Tangi tupu, geji inasema fulu

Jana nimeshinda Ggaba, kule ziwani Kampala, na boti ya mjomba, kazi yenyewe kufunga sensa ya mafuta tu, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachoiambia geji mafuta yamebaki kiasi gani, nikadhani saa moja nimemaliza, wapi! Tangi kavu kabisa lakini geji inasema fulu. Nikakagua waya zote, mwisho nikatoa maltimita, kile kipimo cha umeme, ndio naona kumbe sensa ni ya mtindo wa Ulaya, omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0 tangi likiwa tupu na 190 likijaa, na geji ni ya Kimarekani inayohesabu kinyume, 240 tupu 33 fulu. Aliyeniuzia zote mbili pamoja sijui aliwaza nini.

Nikatafuta geji ya dijitali, ile unapanga mwenyewe. Hapo sasa ndio kazi, manake tangi letu chini limebana, nusu ya kimo sio nusu ya mafuta, basi namimina lita 10 tangini, nangoja itulie, nasevu kwenye geji, 10 tena, mpaka 60, na boti iko majini sio imelala mchangani. Mjomba ananiangalia tu, "mpwa wangu, si kijiti cha kuchovya tangini kingetosha?"

Geji inasoma poa. Kijiti bado kiko botini, amekataa kukitupa 😂