Nilivyotafuta "dili" Mtwara nzima

Wewe uliyeniambia mbegu za dili nizioteshe kwenye kitalu kwanza, natumaini unasoma hapa.

Mimi napika kwenye gesti ndogo Mikindani. Mwezi wa tano tukapata mgeni, dada wa Kiswidi, anakaa mpaka mwezi wa nane. Kila nikipeleka viazi mezani ananiuliza, "Kaka, dili hamna?" Kumbe ni majani ya kiungo, kwao viazi vipya vinachemshwa nayo, samaki nayo, yani bila hiyo hajala. Akanionyesha picha kwenye simu, majani membamba kama nywele, ungesema shamari.

Nikaenda soko kuu mjini. Wa kwanza nikamwambia natafuta dili, akanivuta pembeni, "Dili gani, la korosho?" Wa pili akasema hata yeye analitafuta, nikilipata nimshtue. Mama mmoja mtu mzima akanifungia giligilani, "Chukua hii mwanangu, mzungu hajui tofauti." Anajua bwana.

Jirani yangu mzee wa kanisa ndo akafungua Biblia, Mathayo 23:23, Mafarisayo wanalipa zaka za mnanaa na bizari na jira. Akasema hiyo bizari ndo dili lako. Na mzee alikuwa sahihi kabisa, mmea unaotajwa pale ni huu huu, enzi hizo walikuwa wanautolea mpaka zaka. Shida ni kwamba huku Pwani ukisema bizari unapewa ya mchuzi! Mimi na akili zangu nikanunua ya buku, nikamwagia viazi, vikatoka njano kama jezi ya Yanga. Dada wa watu akasema "tamu", akala viwili, akaomba mkate.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa Kihindi mwenye duka la viungo. Hakumaliza hata kuangalia picha, "Hii suva, mwanangu." Akatoa mbegu bapa za kahawia, ukitafuna zinakaribiana na kisibiti. Kwao mwanamke akijifungua anapewa atafune, tumbo litulie na maziwa yatoke. Nilivyonusa tu nikarudi utotoni, gripu wota, ile dawa ya tumbo la watoto! Ile ya kwanza kabisa aliitengeneza William Woodward kule Uingereza mwaka 1851, mafuta ya mbegu hizi yalikuwemo na pombe kidogo pia, sasa mtoto ataachaje kulala hahaha. (Usimpe kichanga chako kisa mimi, kliniki watakugombeza.) Hata hilo jina dili inasemekana linatokana na neno la kale la huko kwao yule dada wa Kiswidi, maana yake kubembeleza.

Sasa kuotesha. Kila mtu fundi. Kitalu kwanza, zikifika vidole vinne hamisha. Nikahamisha miche thelathini na kitu jioni, nikamwagilia, nikajisifu, kesho yake mchana imelala chini yote kama imepigwa na maji ya moto. Kumbe mzizi wake ni mmoja mrefu kama wa karoti, na ndo ukoo wake, ukiugusa imenuna. Awamu ya pili nikachukua ndoo iliyopasuka, nikatoboa chini, mchanga na samadi ya mbuzi, mbegu nikaziloweka usiku kucha na kuzinyunyiza humo humo, udongo juu kiduchu tu, mchana nafunika na kipande cha sandarusi. Siku ya kumi na mbili nywele hizo zikachomoza.

Wiki ya nane balaa jipya. Joto letu haliisubiri, ikarefuka hadi kifuani, majani yakapungua, juu maua ya njano kama miavuli. Mzee wa kanisa akasema imeharibika hiyo, ng'oa. Nikamwita dada nimuombe radhi, akapiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. Kumbe kwao mwezi wa nane wanakula kamba wa maji baridi, wanachemshwa na chumvi na hayo hayo maua, na majani hawayahitaji siku hiyo!

Nikashuka pwani, kamba kilo mbili, bei sikumbuki maana alilipa yeye. Tukachemsha na miavuli sita, tukawaacha walale kwenye maji yake kwenye friji mpaka kesho. Bosi alikula kumi na saba, nilihesabu.

Mbegu nyingine zimekauka, ninazo nusu kikombe. Ukija kuomba sema suva, ukisema una dili mlinzi atakupeleka moja kwa moja kwa bosi.