Mimi wa pts/0

Kijana tunayekaa naye ofisini aliniuliza wiki iliyopita: "Kaka, mbona amri zako hazisemi kitu? Weka basi hiyo -v tuone inafika wapi." Hiyo -v huifanya amri isimulie inachofanya. Nikamjibu ndivyo nilivyozoea. Si jibu, hasa kwangu mimi ambaye siku hizi sifanyi lolote nje ya tmux, programu inayoacha kazi iendelee kwenye seva hata mtandao ukikatika.

Chanzo ni ule usiku wa kuhamisha hifadhidata. Nilikuwa nyumbani, nimeingia kwenye seva mpya kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa amri, nikaiambia mysql, programu ya hifadhidata, imeze faili zima la chelezo, moja kwa moja kwenye terminali, kama utaratibu ulivyoandikwa na waliotangulia.

Katikati ya kazi mtandao ukaenda. Hilo hulijua upesi: unabonyeza herufi, haitokei. Herufi unazoziona kwenye SSH hazitoki kwenye kibodi yako, ni seva inayokurudishia. Ikinyamaza, unaandika hewani. Nikabonyeza Enter, kiwimbi (~), nukta, kukata kikao. Amri hiyo hutekelezwa na programu iliyo kwako, haimngoji wa ng'ambo. Modemu ikawashwa upya, ikaja na anwani nyingine, nikaingia tena.

Nikaandika who, amri inayoorodhesha waliomo kwenye seva, kila mmoja na jina la terminali yake, kama pts/0. Watu wawili, wote mimi.

Wa pts/1 ndiye huyu aliyeketi. Wa pts/0 alikuwa maiti ambaye hajapewa taarifa ya msiba wake, na chini yake mysql ilikuwa bado inameza. Seva haikujua kwamba nimeondoka. Siku itakayojua, itafunga kikao, SIGHUP, ishara ya kuziua kazi za kikao kilichokatika, itashuka, na jedwali litabaki nusu. Kutoka pts/1 sikuwa na la kufanya: disown, amri ya kuiepusha kazi na ishara hiyo, husikilizwa na ganda (programu inayopokea amri) lililoanzisha kazi, na ganda lile lilikuwa la yule mwingine.

Basi nikakaa kutazama. ls -lh, ya kuona ukubwa wa faili: faili la jedwali kubwa limenenepa kidogo. who: bado tuko wawili. ls. who. Chai ikapoa, nikainywa hivyo hivyo. ls. Kisha nikapiga ps, orodha ya programu zinazoendelea, na mysql haimo.

Nikakimbilia orodha ya majedwali kabla ya kupumua. Yote yapo, hadi la mwisho, na idadi ya safu inalingana. Na pts/0 bado yuko kwenye who!

Bosi alisema tuna bahati, nami sikubisha. Baadaye nilisoma na kuelewa. Linux, mfumo unaoendesha seva ile, ikituma data isiyojibiwa hurudia kwa takriban dakika 15, kisha hukata tamaa. Isiyo na la kutuma haigundui kitu. Keepalive ya TCP, yaani ujumbe wa kuuliza kama upande wa pili bado upo, kwa kawaida hungoja saa 2 ndipo iulize. Mysql ile haikuandika hata mstari. Ningeweka -v, huenda nisingemaliza.

Ndani ya tmux hoja hii haina maana, na kijana yule ataniambia hivyo. Bado mkono unakataa.

Kazi ilipokwisha, ganda la pts/0 liliandika alama yake ya kungoja amri. Seva ikapata la kunitumia, ikatuma, ikarudia, na baada ya kama robo saa nikabaki peke yangu kwenye who.