BSA ya Njoro

Nilikua bado najifunza ufundi kwa mzee mmoja hapa Nakuru, upande wa Shabab, wakati mama mmoja wa Njoro alitupigia simu akasema kuna pikipiki ya marehemu bwana yake imelala stoo tangu miaka ya 1980, jamaa wa skrapu ashakubali kuibeba kwa kilo, lakini yeye roho imekataa kuiachilia kabla fundi aione injini. Mzee akaniambia nibebe sumaku ndogo, fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya) na dizeli kidogo, tukapanda matatu.

Kufika tukapata ni BSA B31, 348cc, silinda moja ya chuma, zile zilianza kutengenezwa Birmingham mwaka wa 1945. Tangi imeliwa na kutu, kiti panya wamemaliza, na kijana wa huyo mama tayari ameweka mguu kwa kiki anataka kujaribu. Mzee akamshika bega. "Pole pole kijana wangu, usipige kiki. Kama ringi za pistoni zimeshikana na silinda utazivunja, na kama hazijashikana utazikokota juu ya kutu." Tukafungua plagi, tukamwaga dizeli ndani, tukaiacha iingie polepole huku mama akituletea chai.

Oili ndio ilianza kutuambia habari. Hizi BSA oili inakaa kwa tangi yake kando, pikipiki ikisimama muda mrefu inapenya kwa pampu inashuka yote chini kwa nyumba ya krankshafti, ile shafti inazungushwa na pistoni, watu wengi wakiona hivo wanadhani injini imekufa. Tulipofungua nati ya chini ikatoka nyeusi, nzito, mingi sana, mzee akaikoroga na sumaku halafu akaipangusa kwa kitambaa cheupe. Sumaku ikatoka karibu safi, yani rola za beringi kubwa hazijamenyeka. Kwa kitambaa kulikua na vumbi la njano kiasi, hio sumaku haiwezi kuishika, ni bushi ya juu ya konrodi, ule mkono unaunganisha pistoni na krankshafti, inaisha taratibu, hakuna ajabu. Mimi naamini kabisa ni hio oili iliyoshuka iliokoa krankshafti, imelala ndani ya oili miaka yote hio kutu itaingilia wapi.

Tukatoa hedi na silinda. Mzee akaosha konrodi na petroli kwanza, maana oili iliyoganda inaficha uchezi, halafu akaishika akaivuta juu na kuisukuma chini, wima kabisa. Haikugonga, yani beringi kubwa haijalegea. Kando ilicheza kidogo, hio inaruhusiwa. Nikakwangua makaa juu ya pistoni nitafute namba, kama silinda ilishawahi kupigwa bori, yani kukatwa ndani ipanuke, pistoni inaandikwa +20 ama +40, ni elfu za inchi zimeongezwa, na hakukua na kitu. Pistoni ni ile ile ya kiwandani, 71mm.

Sasa hapa ndio nilipendea hii kazi. Hatukua na geji ya silinda. Mzee akachukua ringi moja, akaiingiza silinda kutoka chini, mahali ringi hazifiki pistoni ikitembea, akainyoosha na kichwa cha pistoni ikae sawa, akapima mwanya wake na fila geji: 0.50mm. Akaipeleka juu, chini tu ya ule ukingo wa mwisho, pale ringi hugeuka na moto umewaka na oili ni kidogo, pale ndio silinda huliwa zaidi: 0.95mm. "Toa, halafu gawanya kwa tatu na nukta." Tofauti ni 0.45, na kwa vile ringi ni duara ukigawanya kwa 3.14 unapata kama 0.14mm, huo ndio upana umeongezeka juu. Kwa kipimo chake silinda kama hio haiendi bori mpaka ipite 0.2mm, kwa hivo kwa upande wa kutembea hii pikipiki ilikua bado na maisha, na mama akasema ndio, mzee wake alikua anabadilisha oili ata kama hakuna pesa ya sukari.

Lakini katikati ya silinda kulikua na mstari wa kutu umezunguka, mahali ringi zilisimama hio miaka yote na valvu moja imebaki wazi unyevu unaingia. Tukasugua na msasa laini wenye oili, mstari ukafifia, mzee akapitisha ukucha pole pole juu chini. Ukucha ukanasa. Akaniambia nijaribu, wangu pia ukanasa. Kwa hivo kilomita hazikuimaliza ile silinda, iliumizwa na kusimama, na bori haina budi.

Akamweleza mama yote hayo bila kumficha gharama. Mama akasikiza mpaka mwisho, akachukua simu akamwambia yule wa skrapu asisumbuke kuja.

Nilibeba silinda kwa gunia hadi karakana ya lethi mjini, wale wa mashine za kukata chuma, geji yao ikasoma 0.15mm mbele na nyuma, upande kwa upande chini ya hapo, vile inafaa kua maana pistoni inasukuma mbele na nyuma. Fundi wa lethi akakataa kukata siku hio, na alikua sawa, silinda inakatwa kufuata pistoni yenye uko nayo mkononi. Kijana wa yule mama akaagiza ya +20 kutoka Uingereza.