Nimeombwa nifundishe softiboli, nimekaa nalipima hili jambo

Kuna mwalimu wa michezo wa shule moja ya msingi huku Pasua, Moshi, kaniomba niwe kocha wa timu yao ya softiboli, mabinti wa darasa la tano mpaka la saba, na tangu aniambie hilo jambo halitoki kichwani, nalitaka sana, ila sitaki kujibu kwa furaha ya siku moja halafu watoto ndo waje kuumia. Aliyeianzisha alikuwa mgeni anajitolea, muda wake ukaisha akarudi kwao, wamebaki na begi la glavu, fimbo mbili za alumini na helmeti moja. Mechi nzima mpaka mwisho hawajawahi kucheza.

Mi mwenyewe nimecheza netiboli miaka mingi, softiboli kidogo tu chuoni, nilikuwa nasimama beisi ya kwanza, beisi ni vile vituo vinne anavyokanyaga mkimbiaji. Kwa msioijua, ni ndugu wa besiboli, watu 9 uwanjani, mrushaji anarusha mpira kwa mkono wa chini, mpigaji akiupata kwa fimbo anakimbia kuzunguka beisi, kutoka moja hadi nyingine ni kama mita 18 hivi, na mechi kamili ina ingi 7, yaani kila timu inapata zamu 7 za kupiga. Mpira wa wakubwa una mzunguko wa inchi 12, wa watoto wanatumia hata wa 11, na msidhani ni laini jamani, ukikukuta shavuni utalijua.

Basi nikaenda kuwaangalia kwanza bila kuahidi chochote. Binti wa beisi ya pili kaupata mpira, mkimbiaji yuko katikati ya njia, hapo kilichotakiwa ni amguse nao au amrushie mwenzie aliyekanyaga beisi, yeye kavuta mkono nyuma kamtandika mkimbiaji na mpira mgongoni kwa nguvu zote, na timu nzima ikashangilia! Mwalimu akawa anapiga filimbi, mi nimesimama pale nimeshaelewa, hii ni rede. Hawa watoto wamekulia kwenye rede, wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, akipigwa katoka. Kwa akili yao mtu anatolewa kwa kupigwa na mpira, sasa kosa liko wapi?

Na hapo ndo nilipoanza kuipenda hii timu, maana mkono wa mtoto wa rede unalenga, yaani unalenga kweli, sina haja ya kuwafundisha shabaha wala wepesi wa mwili. Shida iko kwenye kudaka. Miaka yote mpira ukija unaukwepa, leo mtu anakuja kukwambia usogee uufuate, unyooshe glavu, uso usigeuze. Niliwaona karibu wote wanafumba macho sekunde ya mwisho na kuegemea pembeni. Hiyo huwezi kuitoa kwa kufoka, nimeona makocha wanafoka mpaka mtoto anaogopa mpira na kocha pamoja. Ningeanza na mipira ya tenisi iliyochakaa, bila glavu kabisa, mikono miwili, watu wamesimama karibu karibu, wakizoea wanarudi nyuma hatua moja, glavu inakuja baadaye na ule mpira mgumu unakuja mwisho kabisa. Kurusha ningewafundisha ule wa taratibu unaopanda kidogo na kushuka, ule wa kuzungusha mkono duara zima siuwezi, na kwa umri wao bega liachwe lipumzike tu.

Vifaa sivioni kama sababu ya kukataa. Huu mchezo ulianzia Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, watu walifunga glavu ya ngumi kwa kamba ikawa mpira na mti wa ufagio ukawa fimbo. Sisi tuna zaidi ya hapo. Ila helmeti moja haitoshi, hilo sitalegeza, maana mtoto mwenye papara akishapiga anaiachia fimbo inaruka nyuma kwa aliyesimama.

Kinachonisumbua ni muda, wangu na wao. Mi nina duka la dawa za mifugo, jioni ndo wateja wanajaa. Wao Jumamosi wana kipaimara, siku nyingine tuisheni, wengine wakitoka shule wanakata majani ya ng'ombe kabla jua halijazama, na darasa la saba wana mtihani wao Septemba. Masika ikianza, Machi mpaka Mei ule uwanja unakuwa tope. Ukitoa yote hayo zinabaki Jumanne na Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu, watoto wa kike wafike nyumbani bado kuna mwanga. Swali ninalojiuliza usiku ni hilo, Jumanne ya kawaida, mteja yuko dukani na mvua inanyemelea, nitafunga niende? Maana hawa wameshaachwa mara moja. Nikianza halafu nikapotea baada ya miezi miwili, bora nisingekanyaga kabisa.

Mama mmoja pale uwanjani aliniuliza, "Dada, huo mchezo utamfikisha wapi mwanangu, si bora hata netiboli?" Ni swali la haki na sikumdanganya. Nilimwambia Olimpiki wanawake walicheza kuanzia 1996 mpaka 2008, ikatolewa, ikarudi Tokyo, Paris 2024 haikuwepo, Los Angeles 2028 inarudi, kwa hiyo hata huko juu haijatulia. Uwanja wa besiboli ninaoufahamu hapa nchini uko Dar, pale Azania Sekondari, walisaidiwa na Wajapani, na Dar ni zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Ila nikamwambia pia netiboli naijua, wanaanza kuchaguliwa warefu, na binti yake ni mfupi mnene ana miguu imara, huyo ndo wa kuchuchumaa nyuma ya mpigaji adake, nafasi inayotaka mtu anayeona uwanja mzima na kuwapangia wenzie. Mama akamtazama binti yake muda mrefu, akaniuliza mazoezi ni siku gani.

Nimeamua nitakubali, mpaka shule zifunge Desemba, halafu tutaongea upya. Dogo wa shangazi atakaa dukani hizo siku mbili. Mwalimu nimemwambia mambo yangu: yeye au mwenzie awepo uwanjani kila mazoezi, wazazi watie saini, helmeti ziongezwe kabla hatujapiga mpira mgumu, na hakuna mtoto wa kuachwa kwa sababu hajui, wote hawajui. Kakubali yote, la helmeti kaniomba tusaidiane kutafuta.

Na nyie mnaosoma mkiwa Moshi, kuna binti pale anatumia mkono wa kushoto, glavu zote za kwenye begi zinavaliwa kushoto, kwa hiyo akidaka inabidi aivue aibane kwapani ndo arushe, mkimbiaji ameshapita zamani. Kama kuna mtu ana glavu ya kuvaa mkono wa kulia, hata iwe imechanika nitaishona, naomba aniandikie hapa chini nitaifuata mwenyewe.