Uje, Ufike

Nyumbani kwetu Sala ya Bwana ilikuwa na mahali inapogongana. Tulianza vizuri wote pamoja, Baba amesimama karibu na meza yenye kibatari, Mama kwenye kigoda upande wa jikoni, sisi watoto katikati na usingizi machoni. "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako..." Hapo njia ziliachana. Baba alisema "uje". Mama alisema "ufike". Baba akaendelea na "mapenzi yako yatimizwe", Mama na "utakalo lifanyike", halafu wakakutana tena mbele kidogo, kwenye riziki, ingawa hata hapo Mama aliomba mkate wa kila siku, mkate ambao sisi tuliuona Krismasi.

Mama alikulia jirani na misheni ya Tosamaganga, mikononi mwa masista wa Kikatoliki wa Consolata. Alipoolewa alihamia Ulutheri kwa Baba, jina likaandikwa kwenye kitabu cha usharika, akaimba kwaya ya akina mama kama wenzake. Lakini sala aliyofundishwa kabla hajang'oa meno ya utoto haikuhama naye. Baba hakuwahi kumsahihisha. Kaka zangu walimfuata Baba kwa sauti kubwa. Mimi niliyekaa karibu na kigoda cha Mama nilifuata popote ulimi ulipoangukia, na hakuna aliyejali, kwa sababu sauti ya Baba ilifunika zote.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 14. Kilolo ilikuwa bado ndani ya Iringa Vijijini, na kijiji chetu kilikaa kwenye miinuko ile ya baridi, mwendo wa asubuhi nzima kwa mguu kutoka misheni ya zamani ya Pommern. Nilikuwa darasa la kipaimara. Kila Jumamosi tuliketi kwenye mabenchi ya mbele ya kanisa la mtaa, mbele yetu mwinjilisti mwenye koti moja la suti aliyelivaa masika na kiangazi, na Katekisimu Ndogo ya Luther mkononi. Kitabu chenyewe ni cha mwaka 1529, lakini kwetu kilikuwa kipya kama fimbo iliyolala pembeni yake. Kila ombi la Sala ya Bwana lilifuatiwa na swali moja: maana yake nini? Jibu la ombi la pili mpaka leo ukiniamsha usiku wa manane nalitoa: Ufalme wa Mungu huja wenyewe hata pasipo maombi yetu, lakini katika ombi hili tunaomba uje kwetu pia.

Binti mmoja wa kitongoji cha bondeni, aliyekuwa na akili kutuzidi wote, aliuliza, "Mwalimu, kama unakuja wenyewe, tunauombea nini?"

Tulitazama fimbo. Mwinjilisti hakuigusa. "Mvua nayo inanyesha yenyewe," alisema. "Ila ndoo yako ukiilaza kifudifudi uani, asubuhi utakuta nini ndani?"

Mimi tatizo langu lilikuwa tofauti. Neno "ufalme" lilinipeleka Kalenga. Mtoto wa Kihehe ukimtajia mfalme anamwona Mtwa Mkwawa, mtemi wetu wa zamani, anaona ngome yake ya Kalenga ambayo Wajerumani waliipiga mizinga mwaka 1894, anaona lile fuvu lake lililorudishwa kutoka Bremen mwaka 1954. Na tulishafundishwa shuleni kwamba utemi ulifutwa mwaka 1963. Kwa hiyo nilipokuwa nasali nilimwona mtemi mwingine, mpya, akipandisha barabara ya vumbi kutoka Ipogolo na jeshi lake nyuma, na nilijiuliza serikali itamwacha apite. Nilimwambia mwinjilisti. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kitu nilichokielewa nusu: "Huyu hana ngome, mwanangu. Alipo ni pale anapotiiwa. Leo nyumba hii, kesho ile. Ndiyo maana unamwomba kila siku. Ufalme wa Mkwawa uliweza kuuchorea mpaka."

Mwaka huohuo mradi wa maji ulifika kijijini. Kulikuwa na chemchemi juu kwenye msitu, wafadhili wakatoa saruji na mabomba meusi ya plastiki yaliyoviringishwa kama nyoka wakubwa, na kijiji kikatoa nguvu. Maji ya mserereko: yanashuka yenyewe kutoka kwenye tanki, bila pampu, bila mafuta. Kilichotakiwa ni mtaro tu. Tulichimba kwa msaragambo kuanzia Julai, kila kaya na mita zake, na aliyekosa alitozwa kuku. Kitongoji chetu cha juu kilipata bomba la kwanza mwezi wa tisa. Kitongoji cha bondeni, ambako wanawake walichota kwenye kijito kimoja na ng'ombe, kilikuwa kinasubiri mtaro uteremke.

Mtaro ulipoteremka ulikutana na mianzi ya Baba.

Hapa inabidi niwaeleze wasiotoka kwetu. Mwanzi wa ulanzi, kinywaji chetu, hukatwa ncha ukiwa bado mchanga, mvua zikianza, na kila asubuhi na jioni unarudi kuuchonga upya kidogo, kama anayechonga penseli. Utomvu hudondoka ndani ya mbeta, kipande cha mwanzi kilichofungwa chini ya jeraha, na nyuki huwa wameshafika kabla yako. Ukinywewa siku hiyohiyo ni mtamu, ndio mtogwa. Ukikaa, ni pombe kamili. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mbele ya mchungaji mianzi yake yote ilitoa mtogwa tu. Sitamsema vibaya zaidi ya hapo. Ada ya kaka zangu wawili ilitoka kwenye zile mbeta, na mianzi yenyewe ilipandwa na babu. Kichaka kikikatwa mizizi kwa sururu, hujui kitarudi lini.

"Wapitishe pembeni," alisema.

Fundi wa mradi alikuwa kijana mpole wa mjini. Alikuja na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ameujaza maji, akampa Baba ashike ncha moja juu ya kinundu cha upande wa kulia, yeye akasimama na ncha nyingine usawa wa tanki. Nilikuwepo. Maji ndani ya mpira yalitulia, na kila mtu aliona kwamba kinundu kiko juu kuliko tanki, karibu kimo cha mtoto. Upande wa kushoto ulikuwa mwamba mtupu. Katikati, mahali pekee pa kupita, palikuwa mianzi.

Baba aliutazama ule mpira kwa muda, akaurudisha. "Mpira wako mbovu," akasema.

Kikao cha kijiji kiliitwa. Mama mmoja mjane kutoka bondeni alisimama, akamwamkia Baba kwa heshima, "Kamwene, mzee," kisha akauliza kama ni kweli mzee wa kanisa anazuia maji kwa ajili ya pombe. Watu wakaguna. Baba alijua Biblia, na siku ile niliona jinsi mtu anavyoweza kuitumia kama ngao. Alisimama taratibu. "Ndugu zangu, tusichanganye mambo. Imeandikwa, ufalme wa Mungu si kula wala kunywa."

Mwinjilisti alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye jiwe. "Endelea, mzee," alisema. "Mstari haujaisha."

Baba hakuendelea. Sisi wa kipaimara tulikuwa tumeukariri ule mstari wa Warumi wiki mbili kabla, na nikausikia mwenyewe ukimalizika kichwani: bali ni haki na amani na furaha katika Roho Mtakatifu. Kikao kikavunjika. Mabomba yaliyobaki yakahifadhiwa kwenye stoo ya shule.

Jumapili ya mtihani wa kipaimara ilikuwa Oktoba. Mchungaji alikuja na pikipiki yake, maana mitaa yake ilikuwa mingi na sisi tulimwona mara moja kwa mwezi. Kanisa lilijaa. Wazee wa kanisa walikaa mbele kabisa, kando ya madhabahu, wakitutazama. Wanaume mkono wa kulia, wanawake wa kushoto, na akina mama wa bondeni kama kawaida karibu na mlango, kwa kuwa hutoka mbali na kufika wamechelewa. Tulisimama kwa mstari na mchungaji akawa anachomoa maswali. Aliyenitangulia alipewa amri ya nane akaiparaza. Mimi nikapewa ombi la pili. Nikashukuru moyoni, hilo nililijua kuliko jina langu.

"Ufalme wako uje," mchungaji alisema. "Maana yake nini?"

Nikajaza kifua. "Ufalme wa Mungu huja wenyewe hata pasipo maombi yetu, lakini katika ombi hili tunaomba ufike kwetu pia."

Sikusikia kosa langu. Nilichosikia ni ukimya mfupi, halafu sauti ya bibi mmoja karibu na mlango: "Amina!" Kisha kicheko kikaanza huko nyuma, akina mama, na mmoja wao, sijui nani, akapiga kigelegele, ndani ya ibada, katikati ya mtihani. Wanaume nao wakashindwa kujizuia. Nilimtazama mchungaji, ambaye hakuwa anajua lolote kuhusu mtaro na alidhani watu wamefurahia jibu. Akaniambia, "Vema sana. Kaa." Nikamtazama Baba. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichosema.

Njiani kurudi Baba alitembea mbele peke yake, kitabu cha nyimbo kwapani. Jioni tulisali. Tulipofika "ufalme wako", akakohoa. Neno likatoka la Mama peke yake, "ufike", dogo, kwenye nyumba iliyonyamaza, na Baba akaingilia kwenye mapenzi kama kwamba hakuna kilichotokea. Usiku niliwasikia kupitia ukuta.

"Umemfundisha mtoto kunitukana kanisani."

"Mimi nimemfundisha kusali," Mama alisema.

Nilitaka kuamka niwaambie kwamba hakuna aliyenifundisha, kwamba ni ulimi tu uliteleza. Sikuamka. Na nikiwa mkweli, ndani yangu kulikuwa na sehemu iliyofurahia kile kigelegele.

Jumatano asubuhi na mapema nilisikia panga. Si la mtu mwingine. Baba alikuwa na mkato wake, mara mbili haraka na moja nzito. Nilimkuta ameshaangusha vichaka vitano. Hakunieleza kitu, na mimi sikuuliza. Hakukuwa na mwinjilisti wala mjumbe wa kijiji, umande tu na majani yaliyomwagika. Wengine watasema aliguswa na Roho, wengine kwamba aliona aibu. Nimeishi naye miaka mingi baada ya hapo na sijui. Nadhani hata yeye aliacha kuvitenganisha.

Ila hakukata vyote. Katikati ya njia palikuwa na vichaka vitatu vya babu, vile vilivyotoa utomvu mzuri kuliko vyote, na hivyo aliviacha. Fundi alipokuja akakuta mtaro unatakiwa upinde kushoto, uvizunguke, halafu urudi.

"Mzee, maji hayapendi kona," fundi alisema. "Kiungo kitachomoka."

"Yatazoea," Baba alijibu.

Maji yalifika bondeni wiki moja kabla ya Krismasi. Bomba lilikohoa hewa kwanza, kwa muda mrefu, watu wakisimama na ndoo kichwani kwa aibu ya kutojua waziweke chini au vipi. Kisha likatema tope jekundu. Kisha likanyamaza kabisa. Baba akapanda juu bila kusema na mtu, na nilijua anakokwenda.

Kona ile ilichomoka siku hiyo, na ikachomoka karibu kila masika yaliyofuata. Kamati ya maji haikuwahi kuitengeneza. Baba hakuwaruhusu, alisema iko shambani kwake. Alikuwa na kikopo cha vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, amevikata nyuzi nyuzi, kwa kazi hiyo tu.

Masika ya mwaka 2003 nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na alfajiri mtoto wa yule mjane alibisha hodi kusema bomba limekauka. Baba alishakuwa na mgongo mbaya. Nilimfuata. Tukachimbua udongo kwa mikono, maji ya baridi yakituingia kwenye mikono ya makoti, vile vichaka vitatu vikitudondoshea utomvu mabegani. Aliunganisha kile kiungo, akaanza kuzungusha mpira, akivuta kwa meno.

"Siku ile ya mtihani," alisema, bila kuinua kichwa, "ni mama yako aliyekufundisha?"

"Hapana, Baba. Niliteleza."

Akazungusha mara mbili tatu zaidi.

"Shika hapo," akasema. "Bado panavuja."