Vumbi jekundu la Voi kwenye skeli ya 1:35

Dayorama nyingi, yaani mandhari ndogo za modeli, za magari ya kijeshi haziharibiwi na gari, zinaharibiwa na ardhi inayolibeba. Chukua gari la deraya la Rolls-Royce la 1914, aina iliyopigana upande wa Voi na Taveta mwaka 1916. Meng, watengenezaji wa modeli za plastiki, wanatoa seti yake ya 1:35, yaani ndogo mara 35 kuliko gari halisi. Gari halisi lilikuwa na urefu wa karibu mita 4.9; mezani linatoka sentimita 14. Sasa piga hesabu hiyohiyo kwa mchanga: punje ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 3.5. Ndiyo maana njia ya vumbi iliyomwagiwa mchanga wa kawaida huonekana kama kifusi.

Udongo mwekundu halisi unashinda rangi yoyote, ila uandaliwe. Uoke nusu saa kwenye nyuzi 120 ili wadudu wafe, utwange, uuchunge kwa chujio la chai. Nusu yake ipitishe tena kwenye soksi ya nailoni; hiyo ni ya gari.

Kitako ni plaiwudi ya sentimita 20 kwa 15. Ipake vanishi pande zote na kingo, la sivyo maji yataipinda. Changanya vijiko 3 vya jasi, 2 vya udongo wa chujio, 1 cha gundi nyeupe ya mbao, na maji mpaka uwe mzito kama uji wa kulisha mtoto. Tandaza milimita 3 tu. Ukizidisha, juu panakauka kabla ya ndani na nyufa zinatokea. Ukitaka kina, ongeza tabaka kesho yake.

Kabla haijashika, lowesha matairi na uyaviringishe, ukibonyeza milimita 1 hadi 2. Gari hili lilikaribia tani 5, kwa hiyo lisipozama kidogo litabaki mwanasesere. Na usisahau: nyuma lina matairi mawili mawili, hivyo alama ya nyuma ni pana, yenye tuta jembamba katikati. Wengi huchora mstari mmoja mwembamba, na picha za zamani zinawaumbua.

Deraya yake ilikuwa ya milimita 12, yaani theluthi moja ya milimita kwenye modeli. Plastiki ni nene zaidi, basi sugua kingo za vibao vya rejeta kwa msasa namba 600, upande wa ndani.

Vumbi la soksi litie kwa brashi, kisha dondoshea spiriti ya isopropili. Likiwa bichi litaonekana la kahawia iliyoiva. Usiongeze, subiri likauke, litapauka lenyewe. Lijae chini ya madigadi na juu ya vichwa vya ribiti, lipungue pale mikono inaposhika. Ukitumia tapentaini badala ya spiriti, isituame kwenye ekseli: hupenya kwenye plastiki iliyobanwa na kuipasua.

Nyasi kavu ni katani. Kata nyuzi za milimita 20, sawa na sentimita 70 halisi, toboa tundu la milimita 1.5, chomeka nyuzi kumi na gundi. Ncha zikiwa sawa utapata ufagio, kwa hiyo zipunguze moja moja kwa mkasi wa kucha. Mwisho pitisha waya wa milimita 1 kutoka chini ya plaiwudi hadi kwenye ekseli, gari lisihame.